Saba ya Thadei

Ukweli usemwe kwanza: Thadei hakuomba kuwa mwalimu. Alikwenda kupanga viti.

Darasa la Kiswahili la Jumamosi lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa kule Peckham, nyuma ya duka la mihogo na samaki wakavu. Watoto waliosoma pale walikuwa wa Watanzania, wa Wakenya, na wa Wakongo wawili watatu, wote wazaliwa wa Landani. Wakiitwa kula walisikia Kiswahili vizuri sana, ila kujibu walijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo mwalimu wao alikuwa amehamia Birmingham bila kuaga. Thadei, aliyetumwa na mkewe kusaidia viti, akaambiwa ashike chaki kidogo mpaka apatikane mwingine. Akaishika. Imepita miaka tisa, na huyo mwingine bado anatafutwa.

Kwao ni Mbinga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, akawa mpishi wa daktari mmoja Mwingereza pale Songea, na daktari aliporudi kwao akaja naye. Daktari alishafariki zamani. Thadei alibaki, akapata kazi hospitalini, na kazi yake ni kusukuma. Husukuma vitanda, viti vya magurudumu, mitungi ya oksijeni, na siku nyingine toroli la vitabu vya maktaba ya madaktari. Ni mtu wa haya. Akipishana na mtu kwenye korido, yeye ndiye anayeomba radhi, hata kama alikuwa amesimama tu. Mkewe, Teresia, ambaye kazi yake ni kutunza wazee majumbani, husema hamwachi aende sokoni peke yake, maana mtu akimkanyaga atamshukuru.

Mbele ya watoto haya zilimtoka. Na kwa kuwa hapakuwa na kitabu, alianza kuandika karatasi. Aliandikia nyuma ya menyu za wodini, zile ambazo mgonjwa huweka alama kama anataka kuku au supu, zikishapitwa na tarehe. Sentensi zake zilikuwa fupi. "Lifti yetu imekufa tena." "Mama ametoka zamu, usipige kelele." "Nani amemaliza krispi?" Watoto walicheka, wakajaza nafasi zilizoachwa wazi, kisha wakagombana kweli kweli kuhusu aliyemaliza krispi.

Mwenyekiti wa kamati ya darasa alikuwa Anastasia, mama wa Bukoba aliyefanya kazi kwenye ofisi ya halmashauri. Mtu aliyekaa ofisi ile miaka ishirini hawezi kuona karatasi isiyo na faili akapata usingizi. Mwezi wa Machi alimwita Thadei pembeni.

"Mwalimu, karatasi zako nzuri, lakini ni karatasi. Septemba nataka kitabu."

"Ndiyo, mama mwenyekiti."

"Nimepata kimoja kwenye mtandao. Mwandishi wake ana PhD."

Akampa. Kwenye jalada kulikuwa na simba, na nyuma ya simba mzungu mwenye darubini. Somo la kwanza lilifundisha kuagiza bia baridi hotelini. Somo la tatu lilikuwa na sentensi hii: "Dereva, simamisha gari, nimeona chui." Thadei alikifunga kile kitabu polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe.

"Mama mwenyekiti, hawa watoto wana miaka minane, tisa. Hii bia..."

"Tutaruka somo la kwanza."

"Na chui?"

"Chui ana ubaya gani? Sikiliza, Mwalimu, mimi si adui yako. Niletee kitabu chako, kilichopita kwa mhariri wa kweli, kabla ya mkutano wa Agosti. Nitakiweka mezani na hiki, kamati ichague. Bila mhariri sikiweki."

Thadei alirudi nyumbani na basi, akakosa kituo chake, akashuka viwili mbele. Miaka tisa ya lifti na krispi ilikuwa inakwenda kupokelewa na chui, naye hakumjua mhariri hata mmoja, si wa kweli wala wa uongo.

Dawa aliikuta akisukuma toroli la vitabu. Ubaoni katika maktaba ya madaktari palikuwa na tangazo la chama cha waandishi wa vitabu vya shule na vya vyuo. Chama kilitoa mafunzo ya kuwanoa waandishi, Jumatano tano mfululizo. Kulikuwa na kundi la wanaoanza na kundi la juu, na kila mmoja wa kundi la juu angepewa mhariri wa kumsaidia mpaka kitabu kiishe. Thadei alisoma mara tatu. Mtunza maktaba akamruhusu akae kwenye kompyuta wakati wa mapumziko yake.

Fomu haikuwa ngumu. Jina, anwani, kitabu unachoandika. Wakataka mfano wa sura moja, akaahidi kuleta. Kisha wakauliza kiwango chake cha juu cha elimu, na chini yake ikashuka orodha ya kuchagua: Level 1, Level 2, mpaka Level 8.

Thadei alihesabu kwa uangalifu. Alianza la kwanza akamaliza la saba. Hakuruka darasa wala hakurudia. Ile nane ilimshangaza kidogo, halafu akakumbuka kwamba Wakenya walikuwa na darasa la nane, na Kenya ilitawaliwa na Waingereza, kwa hiyo bila shaka walilitoa huku. Akabonyeza saba. Alibonyeza kwa moyo mweupe kabisa.

Wiki mbili baadaye majibu yakaja. Teresia ndiye aliyeyasoma kwa sauti jikoni.

"Wamekuweka kundi la juu. Advanced, baba Valeria. Wewe ambaye simu ikiita unaipa mtoto apokee."

"Labda wameona miaka tisa ya kufundisha."

"Labda," alisema Teresia, akamtazama kama anavyomtazama mzee aliyevaa viatu kinyume. "Basi nunua shati."

Mafunzo yalikuwa karibu na stesheni ya Euston, ghorofa ya tatu, chumba chenye meza ya mviringo. Mratibu aliitwa Indu, mama wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Leicester, mwembamba, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Kiswahili hakujua hata neno. Akataka kila mtu ajitambulishe. Wa kwanza alikuwa daktari wa falsafa, anaandika kitabu cha fizikia. Wa pili naye daktari, anaandika sheria ya ardhi. Zamu ikazunguka ile meza kama sahani ya moto, hata ikamfikia Thadei.

"Thadei," alisema kwa Kiingereza. "Kiswahili. Watoto. Niko hospitali."

Akakaa. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Yule wa sheria ya ardhi akamnong'oneza jirani yake kwamba utafiti wa lugha kwa watoto wagonjwa ni jambo muhimu sana. Thadei alisikia, hakuelewa, akaomba radhi.

Siku hiyo walifundishwa kwamba picha ya mtu haichukuliwi mtandaoni na kutiwa kitabuni bila ruhusa yake, na kwamba kila sura ianze kwa kusema msomaji akifika mwisho wake ataweza nini. Thadei aliandika yote. Daftari lake lilijaa kuliko la mtu yeyote, kwa kuwa wenzake walikuwa wanabishana na yeye alikuwa anasikiliza.

Jumatano ya pili Indu aliwagawa wawili wawili. Kila mmoja angesoma sura ya mwenzake nyumbani na kuitia maoni, na wiki ile wangeanza kwa kufahamiana. Thadei aliwekwa na mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mwenye sweta la rangi ya manjano, ambaye beji yake ilisema Dk. Sushila. Alikuwa amefundisha takwimu chuoni miaka thelathini, sasa amestaafu, anakaa Ilford, na anaandika kitabu cha takwimu kwa wanafunzi wa uuguzi. Akatazama beji ya Thadei, akamtazama na usoni.

"Thadei ni jina la wapi?"

"Tanzania. Mbinga."

Mama akaweka kikombe chini. "Tanzania," alisema, na maneno yaliyofuata yalitoka kwa Kiswahili. "Mimi mtoto wa Tanga, bwana. Barabara ya nane. Baba alikuwa na duka la vitambaa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua tangu lini sijaamkiwa? Lakini mama yako nani? Niite dada."

Walitoka Tanga mwaka 1971 naye ana miaka kumi na miwili, na Kiswahili chake kilibaki na umri huohuo. Akisema Kiingereza alikuwa profesa. Akisema Kiswahili alikuwa mtoto wa mtaani anayetafuta wenzake wacheze kombolela.

"We' umesomea wapi?" aliuliza.

"Palepale Mbinga."

"Chuo gani kiko Mbinga?"

"Si chuo, dada. Shule ya msingi. Nilimaliza la saba."

"Na baada ya hapo?"

"Nikawa mpishi."

Dk. Sushila aligeuka, akatazama karatasi ya majina iliyobandikwa ukutani, ambako kila jina lilikuwa na kiwango chake. Akalitazama la Thadei. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, mpaka chai ikamwagika kwenye sahani na Indu akauliza kama yuko salama.

"Ulibonyeza saba," alisema alipopata pumzi.

"Ndiyo. La saba."

"Thadei, huku level seven ni digrii ya pili. Master's. La saba yetu hata level one haifiki. We' bwana umejipa digrii mbili kwa kidole kimoja."

Thadei akaanza kukusanya kalamu zake.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, dada. Nimedanganya watu."

"Kaa. Mimi niliondoka Tanga niko la sita. Kwa hesabu za kwetu umenizidi darasa moja, na mimi ndiyo nimekaa."

Akakaa, lakini alikaa ukingoni mwa kiti. Nyumbani alimweleza Teresia, akitegemea kuambiwa aache. Teresia alicheka akafuta macho kwa aproni, akamwita Profesa mpaka Ijumaa. Kisha akasema neno la maana: "Hukuiba mtihani. Wamekuuliza, umejibu, wao ndio hawakuelewa. Nyamaza uchukue mhariri wako." Hilo neno lilimfaa, lakini halikumtuliza. Kila Jumatano alipanda ngazi za jengo lile akihisi amevaa koti la mtu.

Sura ya Dk. Sushila ilikuwa na kurasa thelathini. Thadei aliisoma kwa mapumziko saba ya chai, kamusi pembeni. Mengi yalimpita juu. Lakini ukurasa wa tisa alikuta mfano kuhusu hospitali, kwamba wasukuma vitanda huleta wagonjwa wodini kwa mwendo usiobadilika, wagonjwa wanne kila saa. Hapo akasimama. Akachukua penseli, akaandika pembeni kwa herufi ndogo sana, kwa Kiingereza: "Si kweli. Lifti moja."

Walipokutana Jumatano ya tatu, mama wa Tanga aliweka kidole pale.

"Hii lifti moja ni nini?"

"Lifti ni moja, dada. Ikichukua chakula wagonjwa wanasubiri. Saa sita mchana hapandi mtu. Halafu wanakuja saba kwa mpigo, na nesi anakasirika kama sisi ndio tumewaumba."

Dk. Sushila alitazama ukurasa wake muda mrefu. "Sasa mfano wangu umekufa."

"Samahani, dada."

"Usiniombe samahani. Kurasa nane zote zimesimama juu ya huo mfano."

"Samahani sana."

Dk. Sushila akanyanyua mkono, akamwambia Indu mbele ya wote, na Indu akafurahi kama aliyeokota kitu. Akasema hilo ndilo somo la siku, kwamba mwandishi wa kitabu cha kufundishia aende akalione jambo lenyewe kabla ya kulitungia mfano. Kuanzia hapo, mtu akisoma kitu kisichowezekana, yule wa sheria ya ardhi alisema, "Lifti moja," na meza nzima ikacheka. Thadei naye alicheka, kwa tahadhari.

Zamu ya sura yake ilipofika hakupona. "Kila sentensi yako ina maneno matatu," alisema Dk. Sushila. "Unapumulia wapi?"

"Ni watoto, dada."

"Watoto hawapumui? Na hapa juu hujasema. Mwisho wa sura hii mtoto ataweza nini?"

Thadei alifikiri. "Ataweza kwenda nyumbani. Inakuwa saa saba."

"Andika vizuri wewe."

Akaandika vizuri. Aliandika kwamba mwisho wa sura hii mtoto ataweza kumwambia mtu mzima kitu kimechelewa, kimeharibika au kimekwisha, bila kugeukia Kiingereza. Alipoyasoma maneno yale tena, yeye mwenyewe alishangaa. Alikuwa amelifundisha hilo miaka tisa bila kujua kwamba analifundisha.

Wiki ya nne ikatoka orodha ya wahariri. Mhariri wa Dk. Sushila alikuwa bibi mmoja wa Oxford, mkali kwa sifa. Wa Thadei alikuwa mzee aliyetengeneza vitabu vya lugha vya watoto maisha yake yote. Chini ya orodha palikuwa na mstari mdogo: kabla ya kukabidhiwa mhariri, kila mmoja alete cheti chake kiwekwe kwenye faili.

Teresia alikitoa sandukuni. Kilikuwa cheti cha kumaliza elimu ya msingi, kimekunjwa mara nne, na picha ya kijana mwenye kichwa kilichonyolewa na macho ya mtu aliyeambiwa asitikisike.

"Wapelekee hichohicho," alisema Teresia. "Kimeandikwa saba. Nani atasoma Kiswahili pale?"

Jumatano ya tano Indu alikaa mezani na rundo la vyeti na kalamu ya kijani. Wengine walitoa karatasi ngumu zenye nembo za vyuo. Thadei akafunua yake taratibu, mikunjo ikalia. Indu akavaa miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni.

"Hii imeandikwa kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Nitahitaji tafsiri. Sushila, wewe unaisoma, si ndiyo? Niambie tu, inasema saba?"

Dk. Sushila alikisogelea cheti. Alimtazama yule kijana wa pichani, akamtazama Thadei, lakini hakumfanyia ishara yoyote.

"Inasema saba," alijibu.

Kalamu ya kijani ikashuka kuelekea kwenye kisanduku. Haikubaki nafasi hata ya kupitisha kucha. Thadei alichotakiwa kufanya ni kile alichokifanya vizuri kuliko mtu yeyote Landani: kunyamaza. Kalamu ingegusa karatasi, na mhariri wa vitabu vya watoto angekuwa wake mpaka mwisho.

"Ni shule ya msingi," alisema.

Indu akainua uso.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kwetu saba ni ya shule ya msingi. Nilidhani ni saba moja."

Yule wa fizikia akaanza kuisoma chupa yake ya maji. Indu aliivua miwani yote miwili.

"Umekaa na mimi wiki tano."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye wa lifti."

"Ndiyo. Samahani."

Indu akafikicha macho. Alieleza kwa upole, na ilionekana linamuuma, kwamba wahariri wametolewa kwa sharti, sharti ni Level 7, na ya Thadei siyo. Hakuwa na njia. Cheti cha kuhudhuria angempa, kwa sababu amehudhuria, tena hakukosa hata dakika. Akakiandika jina palepale. Thadei akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akashuka ngazi. Alipofika chini ndipo alipokumbuka kwamba sasa hana mhariri, na Agosti ipo palepale.

Dk. Sushila alimkuta mlangoni.

"We' mjinga sana," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Nilikuwa nimekuokoa kabisa. Sikusema uongo, hukusema uongo, tungeenda kula chipsi." Akafunga vifungo vya sweta kimoja kimoja. "Mimi nimepewa mhariri. Kila wiki ataniletea barua ya makosa yangu. Jumatano utakuja Ilford. Atakachoniambia kuhusu kitabu changu, tutakitia na kwako."

"Chako ni takwimu, dada. Changu ni krispi."

"Makosa ni makosa. Uje saa kumi. Na usije na karatasi za kuku na supu, uje na daftari."

Basi mhariri mmoja wa Oxford alifanya kazi ya watu wawili bila kuambiwa. Barua zilikuja, na Jumatano Thadei alishuka stesheni ya Ilford, akapita maduka ya sari na ya simu, akakaa jikoni kwa Dk. Sushila mbele ya sahani ya chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa kutafuna. Barua ya kwanza ilisema sentensi zake Dk. Sushila ni ndefu mno. Wakazikata zake, na vipande vilivyobaki, kama alivyosema mwenyewe, wakamgawia Thadei, ambaye zake zilikuwa fupi mno. Barua ya tatu ilisema mifano yote imekaa sehemu moja. Thadei akagundua kwamba sura zake sita zote zilikuwa ndani ya lifti, akawatoa watoto nje, akawapeleka kituo cha basi, kwa kinyozi, kwa daktari wa meno. Barua ya saba ilisema mwandishi anamwonea msomaji aibu, anaomba radhi kila anapomfundisha jambo. Hiyo Dk. Sushila aliisoma mara mbili.

"Hii haikuwa yangu," alisema. "Imekosea anwani."

Thadei alirudi kitabuni, akafuta "samahani" kumi na nne.

Siku ya mkutano wa Agosti, kamati ilikaa ukumbini Peckham baada ya darasa. Alikuwepo Anastasia kwenye kiti cha mwenyekiti, Philemon wa Iringa, aliyekuwa katibu, na Rajab, Mzanzibari, dereva wa treni, aliyekuwa na watoto watatu darasani. Mezani, upande mmoja alikaa simba na mzungu wake. Upande wa pili kilikaa kitabu cha Thadei, kurasa tisini na sita zilizobanwa kwa pini, jalada la bluu lisilo na picha, kwa vile hakupata ruhusa ya mtu.

"Mhariri wake nani?" aliuliza Anastasia.

"Ni mhariri wa Dk. Sushila wa Ilford, mama mwenyekiti. Wa kwangu walinikatalia, sina elimu ya kutosha. Nilitumia alichokuwa akimwambia yeye." Akatoa faili. Ndani yake zilikuwa barua kumi na moja, nakala, zimetobolewa na kupangwa, na kwenye kila barua Dk. Sushila ameandika kwa wino mwekundu ni wapi katika kitabu cha Thadei neno lile lilifanyiwa kazi.

Anastasia alizipitia. Uso wake ukaanza kulainika kwenye barua ya pili. "Zina tarehe," alisema. Akafunua ya tano. "Zina na sahihi." Akalifunga faili, akalipapasa kidogo. "Nimekubali kibaki mezani. Katibu, soma zoezi lolote, tusikie."

Philemon akafunua katikati. "Zoezi la nne. Jaza nafasi iliyo wazi. Basi, halafu kistari, mechelewa." Akainua kichwa. "Hii rahisi. Basi limechelewa."

"Imechelewa," alisema Rajab.

"Limechelewa, bwana. Basi, mabasi."

"Mimi naendesha treni, nachelewa kila siku. Gari imechelewa, basi imechelewa, treni imechelewa. Sisi kwetu Unguja ndivyo tusemavyo, na lugha ilitoka kwetu."

"Ilitoka kwenu ikaja kwetu ikanyooshwa."

"Ikanyooshwa na watu wa Iringa?"

"Rajab, nani alikufundisha ngeli wewe?"

"Mama yangu, nikinyonya. Wewe ulifundishwa na nani, fimbo?"

Anastasia aligonga meza, akasema yeye kama mwenyekiti hana upande, ila kwao Bukoba wanasema limechelewa. Rajab akasema hapo ndipo alipojua amekwisha, kapelekwa mahakamani na Wahaya. Wakahamia zoezi la tano, ambalo lilikuwa la kinyozi, wakatofautiana kwa hilo pia. Wakarudi la nne. Mama mmoja wa Kikenya aliyekuja kumchukua mwanawe aliulizwa akiwa mlangoni, akasema imechelewa, Rajab akamletea kiti. Zikapita dakika arobaini. Mlinzi wa ukumbi akaja na funguo zake, akazitikisa, akaondoka, akarudi, akazitikisa tena.

"Jamani," alisema Anastasia mwishoni. "Kile kingine. Nani ana la kusema kuhusu kile kingine?"

Wakamtazama simba. Hakuna aliyekuwa amekifunua.

"Chui kaonekana, gari limesimama," alisema Philemon. "Sasa hapo tugombee nini?"

"Gari imesimama," alisema Rajab.

Anastasia akavuta pumzi. "Andika, katibu. Kitabu cha Mwalimu Thadei kianze Septemba. Nakala thelathini. Na zoezi la nne tutalirudia kamati ikikaa tena." Akamgeukia Thadei, ambaye muda wote alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti. "Mwalimu, una neno?"

Thadei akasimama. Wote wakamngojea ashukuru, na yeye mwenyewe alikuwa amekusudia kushukuru.

"Ni limechelewa," alisema, akakaa.